Sauti Iliyovuka Hori

Kabla ya kuitwa Siti, aliitwa Mtumwa. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mnamo 1880 hivi, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Jina lile halikuwa la utani. Lilitaja hali ya nyumba aliyozaliwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, na binti alipopata nguvu za kubeba mzigo alijitwika vyungu akavitembeza kwa miguu hadi mjini. Njiani aliimba ili wateja wajue anakuja. Wanawake waliokuwa uani waliisikia sauti kwanza, vyungu vikafuata baadaye.

Mji aliokuwa akiuendea ulikatwa vipande viwili na hori. Upande wa magharibi ulikuwa Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na baraza za wenye mashamba na wenye maduka. Mashariki ya hori palikuwa Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti, makazi ya walioachwa huru, wachukuzi, vibarua, mafundi na wavuvi. Kati ya pande hizo palikuwa na daraja. Leo hori limefukiwa na daraja halipo, ila jina la Darajani limebaki sokoni, na Ng'ambo bado inaitwa Ng'ambo ingawa hakuna maji ya kuvuka. Habari za taarab, muziki unaotajwa leo kuwa fahari ya Uswahili wote, ni habari za sauti zilizovuka hori hilo kwenda na kurudi, na za watu waliosimama kila upande wakiamua ipi ni sanaa na ipi ni kelele.

Taarab ilianzia juu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda mambo makubwa. Ndiye aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Inasimuliwa Unguja kwamba alivutiwa na muziki wa Misri akamtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni, na kijana huyo aliporudi akawafundisha wengine na kuunda kundi la kumtumbuiza sultani. Neno lenyewe, tarab, ni la Kiarabu, na maana yake ni ile hali ya moyo kuchukuliwa na sauti hadi mtu ajisahau. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa wageni wa jumba la sultani. Mtu wa Ng'ambo angeweza kuusikia muziki ule kwa mbali tu, akipita barabarani usiku.

Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama chao wakakiita Ikhwani Safaa, jina lililotokana na wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 waliojiita ndugu wa usafi wa nia. Uchaguzi wa jina hilo unaeleza mengi. Hawakutaka kuwa wapiga ngoma. Walitaka kuwa watu wa elimu, adabu na usikivu, wanaokusanyika kwa udi, fidla, nai na ganuni kama wengine wanavyokusanyika kwa kitabu. Hapa ndipo taarab ilipotoka kwenye jumba la sultani ikaingia kwenye chama. Ilivuka ukuta huo, lakini hori ilikuwa bado haijalivuka.

Ng'ambo ya hori nako mambo yalikuwa yakibadilika. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Macho ya watu hayakubadilika upesi hivyo. Mwanamke mtumwa alikuwa akijulikana kwa kaniki yake, nguo nyeusi ya bei nafuu, na kujifunika kama mabibi wa mjini hakukuwa haki yake. Uhuru ulipokuja, wanawake wa Ng'ambo walikwenda madukani wakanunua kanga na baadaye wakavaa buibui. Waliosema kwamba hao ni watu wasiojua nafasi yao walikuwa wameelewa vizuri kilichokuwa kikitendeka. Nafasi ndiyo hasa iliyokuwa ikikataliwa.

Mtumwa binti Saad alihamia mjini mnamo 1911, akakaa Ng'ambo. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, ambaye aliisikia sauti yake akatambua alichokuwa nacho mbele yake. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, na akamjulisha kwa wenzake wapigaji. Baadaye kundi lililokuwa likifuatana naye lilikuwa na watu kama Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam, ambaye hakuwa na macho, na Maalim Shaaban, ambaye cheo chake tu kinatosha kuonyesha kwamba elimu ya dini na muziki havikutengana kama watu wanavyodhani. Naye akapata jina jipya: Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika pwani hii wa mtu aliyebadilishiwa jina kwa umbali mkubwa namna hiyo.

Alialikwa kuimba kwenye nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na mbele ya watu wa sultani. Alijua kuimba kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Aliingia akiwa amevaa buibui, amejisitiri kama mabibi wa nyumba alizoingia, na wasiomtaka hawakupata mahali pa kuanzia isipokuwa asili yake. Kisha alirudi Ng'ambo. Nyumbani kwake, usiku, wapigaji wale wale walikaa wakapiga kwa ajili ya majirani, na hapo nyimbo zilitungwa kwa pamoja, mtu akileta habari, mwingine beti, mwingine mahadhi. Mkusanyiko huo ndio uliobadilisha taarab, kwa sababu lugha yake ilikuwa Kiswahili na mada zake zilikuwa mtaa.

Mfano unaotajwa zaidi ni wimbo uitwao Kijiti. Unahusu mauaji ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa kwenda kwenye ngoma, akadhulumiwa na kuuawa. Mtuhumiwa alitorokea bara. Wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani kwa habari ya pombe. Mahakama ya kikoloni ilikuwa na kumbukumbu zake, na Ng'ambo ilikuwa na wimbo. Wasiojua kusoma waliujua mkasa huo kwa kina, wakajua pia kwamba haki haikutendeka. Muziki uliokuja Unguja kumburudisha sultani sasa ulikuwa unawashitaki mahakimu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa kwenye sahani ya santuri. Rekodi zake zilipita 100, na sahani ziliuzwa kwa maelfu toka Unguja hadi miji ya bara. Mkahawa wenye gramafoni ulijaa watu ambao wasingekaribishwa kamwe kwenye ukumbi wa tajiri. Kampuni nyingine zilifuata, zikaleta mitambo yao huku huku Afrika Mashariki. Faida iliwafundisha wafanyabiashara kile ambacho wenye kujua muziki walikuwa wamechelewa kukubali, kwamba Kiswahili cha Ng'ambo kinaweza kubeba taarab.

Sifa hizo hazikuwapendeza wote. Kulitungwa wimbo wa kumkejeli uliomkumbusha kaniki yake na shamba alikotoka, ukisema kwamba pasipo sauti asingekuwa na lolote. Siti alijibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, na kwamba kinachotakiwa kwa mtu ni akili. Majibizano hayo ni muhimu kuyakumbuka kwa sababu ya yatakayokuja mbele: mwanamke anashambuliwa kwa wimbo hadharani, naye anarudisha kwa wimbo hadharani, na mji mzima unasikiliza. Miaka 70 baadaye jambo hilo hilo litaitwa kuharibika kwa taarab.

Alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, alikuwa ameonana naye na kumwuliza habari za maisha yake, na matokeo yake ni kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa kitabu hicho muuza vyungu aliingia katika fasihi andishi ya Kiswahili, na vizazi vya wanafunzi vikamsoma. Mwaka 1988 wanahabari wanawake wa Tanzania, chini ya TAMWA, walipohitaji jina la jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Kupanda kwake hakukufuta mpaka. Kulisogeza tu. Mara taarab ya Kiswahili ilipokubaliwa na wakubwa, kitu kingine kilibaki nje kikipewa jina la kudogoshwa: kidumbak, au kitaarab, taarab ndogo ya wasio na uwezo. Ala zake zilikuwa fidla moja, dumbak mbili za udongo, cherewa, vijiti vya mkwasa na sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi likawa besi. Wapigaji walichukua nyimbo za taarab zilizokuwa zikivuma wakaziunganisha moja baada ya nyingine bila kupumzika, kwa mwendo wa kasi, na wanawake harusini wakacheza kwa viuno. Kwenye taarab ya ukumbini watu hukaa. Kwenye kidumbak hakuna anayekaa.

Wale waliokidharau kidumbak hawakutaja ukweli mmoja: mara nyingi mikono iliyopiga pande zote mbili ilikuwa ile ile. Makame Faki, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Culture Musical Club, aliongoza pia kundi la kidumbak lililotokana na wanachama wa klabu hiyo, na sahani waliyoitoa mwaka 1997 iliitwa Ng'ambo. Mtu huyo huyo angeweza kuvaa suti leo akaimba kwa utulivu mbele ya viongozi, na kesho akatoa jasho kwenye harusi ya mtaani. Tofauti haikuwa kwenye ufundi wa mpigaji. Ilikuwa kwenye viti.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliishi juu ya mpaka huo maisha yake yote. Alijifunza nyimbo za Siti akiwa kijana, akaziimba hadi uzeeni kwa sauti iliyokwaruza kama msasa. Lakini alikuwa pia kungwi, fundi wa ngoma za unyago, mambo ambayo wastaarabu wa mjini walitaka yabaki ndani kwa wanawake na yasisemwe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na ulimwengu ukamwita malkia wa taarab. Alipofariki Aprili 2013 viongozi wa nchi walihudhuria maziko. Heshima hiyo alistahili. Ila Unguja haikumpa cheo hicho mapema. Alikuwa amekwisha kuwa mzee ndipo sauti yake na ngoma yake vilipoanza kuitwa urithi.

Huko bara, mambo yalikwenda upesi zaidi. Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan, vyama vya waungwana vilivyofuata mtindo wa orkestra za Misri. Tanga iliamua vingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 Black Star na Lucky Star walileta gitaa la umeme na besi, wakafupisha nyimbo, wakaweka mapigo ya kuchezeka, na wakawaweka wanawake mbele kwenye maikrofoni. Sauti ya Shakila ilitoka kwenye mkondo huo. Mombasa nako Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, na maneno mengi alipewa na jamaa yake Ahmad Nassir, mshairi mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Hapo panastahili kusimama kidogo. Mshairi anayefundishwa vyuoni na mwimbaji aliyekuwa akipigwa kwenye kaseti za mateksi walikuwa wakifanya kazi moja. Wala halikuwa jambo geni Mombasa, kwani Muyaka bin Haji, zaidi ya karne moja kabla yao, alikuwa amekwisha kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwondoa sultani, na taarab ikabaki bila jumba la kutumbuiza. Ingeweza kupigwa marufuku kwa kosa la kuwa muziki wa waliopinduliwa. Badala yake serikali mpya iliitia mkononi. Ikhwani Safaa ikajulikana kwa jina la Malindi. Klabu iliyokuwa imeanza mwaka 1958 ikiwa karibu na vijana wa chama cha Afro-Shirazi, baadaye Culture Musical Club, ikawa chini ya wizara, na maneno ya ujenzi wa taifa yakaingia kwenye beti zilizozoea mapenzi. Kitu kilichokuwa cha wakubwa wa jana kilipewa sura mpya ya utamaduni wa wananchi. Watu wa Ng'ambo, ambao waliishi na taarab ya Siti kwa miaka 40, hawakuhitaji kuambiwa kwamba ni yao.

Halafu ukaja mwaka 1992 na mfumo wa vyama vingi. Chama tawala, CCM, kilianzisha Tanzania One Theatre (TOT) chini ya John Komba, na TOT ilikutana na mpinzani aliyekuwepo, Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Makundi haya yalifanya kila kitu kwa usiku mmoja: maigizo, ngoma, sarakasi, kwaya. Kilichojaza kumbi kilikuwa taarab. TOT ilimpata Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club Unguja. Muungano ilikuwa na Nasma Khamis. Na nchi nzima ikagawanyika nyuma ya wanawake wawili. East African Melody wakaja na kinanda cha umeme kilichofanya kazi ya orkestra nzima, na nyuma yake mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini. Mtindo huo ukaitwa taarab ya kisasa, rusha roho, na kwa jina lililoshika zaidi, mipasho.

Kelele zilikuwa kubwa. Wazee wa taarab walisema mafumbo yamekufa na matusi yamechukua nafasi. Magazeti yaliandika, redio zilikataa baadhi ya nyimbo. Hapo ndipo taarab ya zamani ilipohitaji jina la kuitofautisha, ikaitwa taarab asilia. Neno asilia linapendeza, lakini linaficha safari nzima iliyosimuliwa hapa. Asilia ya mwaka 1995 ilikuwa na Kiswahili ambacho jumba la Barghash halikukitaka, na sauti za wanawake ambazo Ikhwani Safaa ya 1905 haikuziweka mbele.

Hata hivyo lalamiko la wazee lisitupwe lote. Wimbo wa taarab wa zamani ulijengwa kwa ubeti wa mistari mitatu, kila mstari mizani 8 na 8, vina vya kati na vya mwisho vikishikana. Kanuni hiyo ilimlazimisha mtunzi kufikiri. Fumbo zuri lilimruhusu msikilizaji mmoja kusikia ua na mwingine kusikia jirani yake, na wote wawili wakawa sahihi. Nyimbo nyingi za kinanda ziliacha mizani, zikarefuka hadi robo saa, zikataja wazi kilichokuwa kikifichwa kwa ustadi. Hiyo ni hasara, na mwenye kuipenda lugha hii ana haki ya kuisikitikia.

Lakini watu hawakuja kusikiliza maneno tu. Angalia kinachotokea ukumbini wimbo unapofika kwenye kiitikio. Mwanamke anasimama, amevaa vizuri kuliko siku zote, anakwenda taratibu kumtunza mwimbaji, noti inashikwa juu ionekane. Macho yake yanaelekea kwenye meza fulani. Hajasema neno, na asiweze kushitakiwa kwa lolote, lakini mke mwenza, jirani au shoga aliyemgeuka amepata ujumbe wake. Mtunzi aliandika wimbo wa watu wote. Aliyetunza ameufanya wa mtu mmoja. Fumbo lililotoka kwenye beti lilihamia kwenye mwendo wa wasikilizaji, na wanawake ambao hawakupewa mimbari wala baraza waliutumia ukumbi kusema yao. Wazee waliokuwa wakihesabu vina hawakuwa wakiangalia upande huo.

Unguja sasa ina chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002. Wanafunzi wake hujifunza ganuni na udi, na katika ratiba hiyo hiyo hujifunza ngoma na kidumbak. Besi ya sanduku la chai ina mwalimu.

Na Dar es Salaam, kwenye mitaa ya Manzese na Tandale, vijana wa vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, walichukua vipande vya kinanda kutoka nyimbo za taarab ya kisasa, wakavirudiarudia, wakaviongeza kasi mno hadi mapigo yakawa kama mvua juu ya bati, na mtu wa maikrofoni akamwaga maneno juu yake hadi alfajiri. Wakaiita singeli. Wapo waliosema ni uhuni, ni fujo ya uswahilini, tena wengine wao wakasema taarab ya Khadija Kopa angalau ilikuwa na heshima. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, na ma-DJ wa Dar wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Huko Manzese, Jumamosi, spika zinapangwa mapema mbele ya nyumba ya harusi, na mama wa bibi harusi ndiye anayechagua wimbo wa kwanza.